Siku ya kushuka melini huanza usiku wa kuamkia

Jamani mnaosafiri na meli za kitalii, mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango wa chumba usiku wa mwisho, na hutayaona tena mpaka jengo la abiria bandarini. Kwa hiyo pasipoti, dawa, chaja na nguo za kubadilisha mimi hubaki nazo mkononi. Kibandiko cha begi, chenye rangi au namba, ndicho kinachoonyesha kundi lako la kushuka. Safari hii nilikipiga picha pamoja na begi lenyewe. Kule chini mabegi meusi yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, yote yanafanana, picha ile ikanisaidia sana!

Ukiweza kubeba mizigo yako yote mwenyewe, omba kushuka hivyo; mara nyingi hao huruhusiwa kwanza. Lifti asubuhi hiyo hujaa mno.

Kwenye kupanda, fika saa uliyopangiwa. Na bandari kama ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ambako meli hukaa mbali na abiria huvushwa kwa boti ndogo, anza kurudi mapema kabisa, kwani mji uko juu ya jabali na foleni ya kushuka kutoka huko hadi gatini ni ndefu. Fuata saa ya meli, maana saa ya simu hujibadilisha yenyewe.