Nilivyozikusanya kadi zote za Roberto Clemente kwa mshahara wa kawaida

Kampuni ya Topps ya Marekani ilichapisha kadi yenye picha ya mchezaji wa besiboli Roberto Clemente kila mwaka tangu 1955 hadi 1973. Ni kadi 19, ukiacha zile za ziada, na leo ninazo zote. Mimi si tajiri. Nafanya kazi ya usiku katika hoteli moja hapa Pittsburgh, watoto wanasoma, na kila mwezi kuna fedha inayokwenda Tanga kwa wazazi. Waswahili wenzangu walioko Marekani huniuliza niliwezaje, maana wamesikia kwamba kadi za zamani za besiboli huuzwa kwa bei ya nyumba. Zipo za bei hiyo, ni kweli. Lakini ipo njia nyingine, na ndiyo niliyoipita.

Kwanza niseme kwa nini Clemente. Nilipofika mji huu sikujua lolote kuhusu besiboli. Nimekulia kwenye mpira wa miguu na ushabiki wa Coastal Union. Ila nilikuwa nikivuka daraja la njano la Mtaa wa Sita kwenda na kurudi kazini, na daraja hilo tangu 1998 linaitwa kwa jina lake. Siku za mechi hufungwa kwa magari, watu wakalivuka kwa miguu kwenda uwanjani, na mgongoni mwa jezi nyingi unaona namba 21, iliyokuwa yake. Nilimuuliza mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mtu aliyemwona Clemente akicheza. Alinieleza usiku mzima, na macho yalimlenga machozi alipofika mwisho.

Clemente alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Aliichezea timu moja tu ya ligi kuu, Pittsburgh Pirates, tangu 1955 hadi 1972. Mara nne aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira, miaka 12 mfululizo alipewa tuzo ya Glavu ya Dhahabu kwa ulinzi wake upande wa kulia wa uwanja, akatwaa ubingwa 1960 na 1971. Tarehe 1 Septemba 1971 alikuwa mmoja wa wachezaji tisa wa kwanza katika historia ya ligi kuu kuanza mechi wakiwa wote ni weusi au Walatini. Mpigo wake wa 3,000 aliupata mwishoni mwa Septemba 1972, nao ukawa wake wa mwisho katika msimu wa kawaida. Desemba hiyo tetemeko liliibomoa Managua, Nikaragua. Alikusanya misaada, akasikia inaibwa kabla ya kuwafikia waathirika, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ilianguka baharini usiku wa tarehe 31 Desemba. Mwili wake haukupatikana. Mtu akishanisimulia maisha ya namna hiyo, siwezi tena kumtazama mwenye maisha hayo kama picha tu kwenye karatasi.

Basi nikataka kadi zake. Bei zikanikabili. Kadi ya 1955, namba 164 (kila kadi ina namba yake katika orodha ya mwaka huo), ambayo ndiyo ya mwaka wake wa kwanza, hata ikiwa imekunjika na kona zimeisha, hupita dola elfu moja. Zilizo safi kabisa ni mamia ya maelfu. Nikakaa na mke wangu tukazungumza. Akaniambia, "Baba Salma, mimi sikukatazi, lakini ada ya watoto na fedha ya Tanga zisiguswe." Tukakubaliana kiasi kidogo kwa mwezi, kitoke kwenye bakshishi za wageni wa hoteli, na mwezi ambao bakshishi ni haba nisinunue. Sharti hilo limenisaidia kuliko ushauri wowote wa wakusanyaji wazoefu, kwa sababu lilinilazimisha kusubiri. Bei ya kadi hizi hupanda na kushuka: timu inapofanya vizuri, au nyota fulani anapozungumzwa, watu hununua kwa pupa. Anayeweza kusubiri hununua wakati wengine wamechoka.

Kabla ya kununua hata kadi moja ya Clemente nilijifunza karatasi. Huu ndio moyo wa maelezo yangu. Nilinunua kadi za wachezaji wasiojulikana, za mwaka 1955, 1957, 1963 na mingineyo, ambazo huuzwa kwa dola chache tu. Hizo ndizo zilikuwa walimu wangu. Kadi halisi ya 1955 ni pana na ndefu kuliko za baadaye: takriban sentimita 6.7 kwa 9.5. Mwaka 1957 Topps walipunguza kipimo kikawa kama 6.4 kwa 8.9, na ndicho kinachotumika mpaka leo. Ukiwa na kadi ya kweli ya mwaka uleule mkononi, unaiweka juu ya ile unayouziwa. Ikiwa fupi upande mmoja, kuna uwezekano mkubwa kuwa mtu amekata kingo ili kona zionekane kali. Ikiwa nyembamba au nzito kupita kiasi, rudisha.

Kisha kuna lenzi ya kukuza. Picha za kadi za zamani zimechapwa kwa vitone vya rangi, lakini maandishi meusi na mistari ya mpaka ni wino mzito uliojaa. Kadi bandia nyingi zimetokana na kupiga picha kadi halisi, kwa hiyo ukikuza, hata maandishi yamekuwa vitone. Na ipo tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti madukani. Karatasi za kisasa zina kemikali ya kuzifanya zionekane nyeupe, nazo hung'aa bluu chini ya mwanga huo. Karatasi ya miaka ya 1950 hubaki imefifia. Lenzi na tochi vyote viwili havikunigharimu hata bei ya chakula cha familia mgahawani.

Nilianza mwisho nikarudi nyuma. Kadi ya 1973, namba 50, ilitoka yeye akiwa ameshafariki, na ndiyo niliyoitanguliza kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Ikafuata ya 1970, ya 1969, ya 1972. Hapa ndipo nilipojionea jambo ambalo mzee wa hotelini alikuwa amenidokeza: kuanzia 1957 hadi 1969 Topps walimwandika "Bob Clemente". Mwenyewe alitaka aitwe Roberto, na alilisema hadharani. Kadi za 1955 na 1956 zina jina lake sahihi, kisha miaka 13 ya Bob, kisha mwaka 1970 Roberto anarudi. Ukizipanga mezani kwa mfuatano unaiona historia hiyo kwa macho. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutafuta mfululizo wote, wala si kadi ya kwanza peke yake kama wafanyavyo wawekezaji.

Ugumu ulikuwa kwenye miaka fulani. Zamani Topps walichapisha kadi kwa awamu, toka majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Awamu za mwisho zilipofika madukani watoto walikuwa wanarudi shuleni, maduka hayakuagiza nyingi, kwa hiyo namba za juu ni adimu. Clemente wa 1963 ni namba 540, mle mle kwenye namba za juu, na bei yake haifanani na ya majirani zake wa 1962 au 1965. Ya 1971, namba 630, si adimu kiasi hicho, lakini mpaka wake ni mweusi, na kila mkwaruzo unaonyesha karatasi nyeupe chini. Wapo wanaopaka kalamu nyeusi kwenye kingo hizo kuficha. Iinamishe kadi chini ya taa: wino wa kalamu hung'aa tofauti na wa kiwanda, na ukiitazama kadi kwa ubavu utaona weusi umelowea ndani ya karatasi. Nilikataa kadi kadhaa za 1971 kwa sababu hiyo moja, nyingine zikiwa na bei ya kuvutia sana.

Sasa kuhusu hali ya kadi, maana hapa ndipo mshahara wa kawaida unapopata nafasi. Kampuni za kukagua, kama PSA, hupanga kadi kwa madaraja toka 1 hadi 10 na kuifunga kila moja ndani ya kasha gumu la plastiki. Soko linakimbilia 7, 8 na 9. Mimi nilinunua daraja la 1, 1.5, na 2. Ila si kila 2 ni sawa. Kadi inaweza kupata 2 kwa sababu ya mkunjo mmoja mdogo kona ya chini, huku uso wa Clemente uko safi na picha imekaa katikati. Nyingine inapata 2 hiyohiyo kwa kuwa na alama ya kalamu kwenye paji la uso. Bei zinakaribiana, na wanaonunua kwa kusoma namba ya kasha hawaoni tofauti. Tazama kadi, usitazame namba. Mkunjo ninaukubali, kona za mviringo ninazikubali, doa la ubani nyuma ya kadi ninalipenda hasa, maana pakiti ziliuzwa pamoja na ubani wa kutafuna na doa hilo linaashiria kadi imetoka kwenye pakiti. Kilichokatwa, kilichopakwa rangi, au kilichochorwa usoni, hapana.

Kwa kadi za miaka ya 1950 sikununua isiyo na kasha. Bei ni kubwa na bandia ni nyingi, ujuzi wangu sikuutegemea peke yake. Za baadaye nilizinunua zikiwa wazi, mara nyingi kwenye maonyesho ya kadi yanayofanyika kumbi za hoteli na maduka makubwa, ambako unaishika kadi na kuzungumza na muuzaji ana kwa ana. Nenda saa za mwisho. Muuzaji hataki kufungasha tena masanduku yake, na ukimwonyesha fedha taslimu kwa heshima mtaelewana.

Ile ya 1955 ilikuja kwa njia mbili zilizounganika. Nilikuwa nikinunua mafurushi ya kadi mchanganyiko, nabakiza Clemente mmoja aliyemo, wengine nawauza mmoja mmoja. Faida ni ndogo, lakini niliitenga yote. Halafu muuzaji mmoja mwenye duka, aliyenijua kwa muda mrefu, akakubali kunishikia kadi nimalizie malipo kidogo kidogo. Ni daraja la 1. Ina mikunjo miwili mirefu, na hakuna hata mmoja unaopita usoni. Siku niliyoileta nyumbani Salma alilishika kasha lake kwa mikono miwili akasoma jina kwa sauti, Roberto, akaniuliza alicheza upande gani. Nikampeleka kwenye jumba la makumbusho la Clemente, lililo ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto kule Lawrenceville.

Kwa sasa natafuta ya 1958, namba 52, yenye jina la timu kwa herufi za njano. Ninayo ile yenye herufi nyeupe, lakini ya njano ni chache zaidi na wauzaji wanajua. Baada ya hapo nataka ya kampuni ya Fleer ya 1963, namba 56, ambayo ilimwandika Roberto katika mwaka ambao Topps bado walimwita Bob. Mwenye kuona mojawapo ikiwa na mkunjo, kona zimeisha, lakini uso uko salama, anijulishe.