Siku moja na ilimba: kuweka muziki kwenye filamu ya mapenzi na mashaka

Saa 12 asubuhi. Nawahi Makole kabla upepo wa Dodoma haujaamka, maana mabati ya studio yakianza kugonga, kurekodi ndiyo basi. Mzee wa ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya kisanduku, ameshafika. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Mbukwa!" ananisalimia kwa Kigogo.

Saa 1. Katika filamu yetu, mke anampenda mumewe huku akizidi kuamini kuwa ndiye muuaji. Muziki lazima ubebe yote mawili, ndiyo maana nimeing'ang'ania ilimba. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mzee akigusa vyuma, utando unavuma. Na vipo vyuma asivyovigusa kabisa, vinaitikia vyenyewe. Mtetemo ule ni mtamu, lakini unakunyima utulivu. Sijasikia kinanda cha kompyuta kinachofanya hivyo.

Saa 4. Chai, chapati na ubishi. Muongozaji wetu, dada mwenye msimamo, anataka wapenzi waongee wanapokutana tena chumbani. Nawawekea Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1958. Mwanamke anatoka bafuni akiwa na sura ya yule anayedhaniwa kafa, na badala ya maneno, muziki wa Bernard Herrmann unapanda taratibu mpaka wanakumbatiana. Nyuma ya pazia kuna mengi: Herrmann hakuongoza okestra yake. Wanamuziki wa Marekani walikuwa kwenye mgomo, kondakta Muir Mathieson akarekodi London, kisha Vienna baada ya wanamuziki wa Uingereza nao kugoma kuwaunga mkono wenzao. Mpiga kamera wetu kanaswa na ngazi za mnara kwenye filamu hiyo, zinazoonekana kurefuka. Zile si ngazi halisi, ni modeli ndogo iliyolazwa ubavu. Kamera ikasogezwa huku lenzi ikivuta picha kinyume chake, kwa wakati mmoja.

Dada anakubali. Maneno ya chumbani yanatoka yote.

Saa 7. Wali maharage, upepo, vumbi.

Saa 9. Mhariri kaweka muheme pale muuaji anapoingia. Naitoa. Muheme ni ngoma ya akina mama, ya sherehe; Mgogo akiisikia hapo moyo wake utakwenda kwenye shangwe na hofu itayeyuka. Nabakiza nyayo kwenye changarawe.

Saa 11 jioni. Mzee analipwa, tunasaini mkataba. Nimesisitiza jina lake liandikwe mtunzi, si mpiga ala tu, kwa sababu ile sauti ya chumbani ameitunga yeye, akiwa anaitazama picha.