Nilivyomchora marehemu kwa kumkalisha mdogo wake dirishani

Karibu kila mchoraji niliyemuuliza hapa Tanga alinipa ushauri uleule: peleka picha kwenye duka la fotokopi ikuzwe, ichore miraba, chora miraba mingine kwenye turubai, kisha nakili kijumba baada ya kijumba. Picha yenyewe ilikuwa ya pasipoti, imebanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi cha zamani, na muhuri wa ofisi ulikuwa umemeza sikio moja pamoja na kipande cha shavu. Mwenye sura alikuwa ameshafariki. Binti yake alitaka achorwe kwa rangi za mafuta, amevaa kanzu na kofia ya viua kama watu walivyomzoea siku za Ijumaa, mama yake apate kumtundika sebuleni.

Nikafanya walivyosema. Kwa vipimo, miraba haina shida: macho yalikaa mahali pake, mdomo mahali pake, na pua na kidevu vilipishana ipasavyo. Lakini picha ile ilipigwa kwa flashi inayomulika usoni moja kwa moja, na flashi ya namna hiyo hufuta vivuli vyote vya kukuonyesha shavu linapinda wapi na tundu la jicho linaanzia wapi. Ngozi nyeusi ndiyo inayoonewa zaidi. Paji la uso linakuwa mng'ao mweupe, chini ya taya panakuwa giza tupu, na katikati hapo rangi zote za mtu zimepotea. Giza nililoliona nikalijaza kahawia na nyeusi. Nilipopeleka kazi, wajukuu walisema ni babu. Mjane akasogea, akatazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Ni yeye, mwanangu. Ila hanijui."

Wenzangu waliposikia, wakasema niongeze vitone vyeupe machoni, eti picha itaamka. Watu wanaosema hivyo wananiudhi mpaka leo. Kitone cheupe kwenye jicho lisilo na tundu ni kitone cheupe tu.

Jibu nililipata palepale nyumbani kwao. Alikuwepo mdogo wake marehemu, amekuja kutoka Pangani, amekaa barazani na ubavu wake umenielekea, nikaliona sikio. Ndewe yake imeshikana na shavu, na ukingo wa juu umekunjika kidogo, sawasawa na lile sikio moja lililosalimika kwenye kitambulisho. Nikaangalia taya, nikaangalia shingo ilivyotoka kwenye kola. Nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka. Akacheka, akasema, "Kaka alikuwa mzuri, mimi umenionea wapi uzuri?" Nikamwambia sihitaji uzuri wake, nahitaji mifupa na ngozi ya ukoo wao. Akakubali.

Sasa mwanga. Vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya vinakuambia mkalishe mtu kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo na mwanga wake haubadilikibadiliki. Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua letu liko kaskazini, na dirisha la kaskazini linakuletea jua la moja kwa moja usoni. Kuanzia kama Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi ndipo dirisha hilo linapofaa. Miezi mingine geukia kusini. Kazi hii niliifanya wakati wa baridi, kwa hiyo nilihamishia kiti chumba cha nyuma, kwenye dirisha la kusini, nikafunga la upande wa pili kwa khanga nene ili mwanga utoke sehemu moja.

Nilimvika kanzu ya kaka yake, na hapo ndipo niliposhukuru kuwa na mtu hai mbele yangu. Kanzu nyeupe inarusha mwanga juu, chini ya kidevu. Pale ambapo kitambulisho kilinionyesha giza, mimi niliona kahawia yenye joto, karibu na rangi ya tende. Juu ya paji la uso mlikuwa na ubuluu wa anga, kabisa kabisa bluu. Masikio na ncha ya pua vina wekundu. Pembeni mwa mdomo mna zambarau iliyofifia. Nyeusi ya kwenye tyubu sikuigusa: vivuli vyote nilichanganya kahawia nzito na ultramarini, ile bluu iliyokolea, nikizidisha hii au ile kadiri kivuli kilivyotaka joto au baridi.

Kitambulisho sikukitupa. Nilikibandika kando ya turubai, na kila kitu kilichokuwa cha marehemu peke yake kilitoka humo: nafasi kati ya macho, upana wa mdomo, mstari wa nywele. Mdogo wake nilimwinamisha kichwa mpaka kikalingana na kile cha kwenye picha. Kila baada ya muda mfupi nilimwacha anyooshe miguu, maana mtu aliyechoka uso wake hushuka, nawe utachora uchovu.

Mjane nilimuuliza swali moja nililolifikiria sana. Sikumuuliza mumewe alifananaje. Kila mtu ana jibu lake na yote yanapingana. Nilimuuliza alikuwa anafanyaje uso akisikiliza habari asiyoiamini. Bila kufikiri akainua nyusi moja na kukaza pembe ya mdomo. Nikachora hivyo.

Turubai ya pili, rangi, nauli ya Pangani na chakula cha mzee vilikula kama laki mbili na kitu, na sijutii hata senti. Nilipoipeleka, mjane alikaa chini, kisha akasema kwa sauti ya kugomba, "Kofia umemvika vibaya. Huyu aliilaza kulia." Nilifurahi mno. Rangi ilikuwa bado mbichi, nikairekebisha mbele yake.

Kuna wanaosema kutumia picha ni udanganyifu, nao nawakatalia. Eugène Delacroix, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, mwaka 1854 alishirikiana na Eugène Durieu kupiga picha za watu ili achore kutokana nazo, na kuchora kutoka kwa mtu hai hakukuacha. Picha inashika tabasamu la mtoto asiyetulia. Ngozi usiiulize picha. Na mteja akikuletea picha ya simu iliyopigwa karibu na uso, ikatae: pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Mwombe arudi hatua tatu nne, asimame kivulini, apige, kisha uikuze mwenyewe.

Siku hizi bei yangu ya kuchora marehemu ina fungu la nauli na posho ya ndugu atakayekaa. Akikosekana ndugu, natafuta jirani mwenye ngozi inayokaribiana, namkalisha dirishani kwa ajili ya rangi tu. Vanishi napaka baada ya miezi sita, na wateja nawaambia hilo kabla hawajatoa malipo ya mwanzo.