Tiki niliyoifuta leo
Nafundisha umeme wa majumbani chuo cha ufundi na leo kijana mmoja kaninyamazisha jamani. Kazi ilikuwa simpo tu, kila mtu afunge soketi yake kwenye ubao, nikapita na testa, zote zinawaka, nikawa naweka tiki. Yake nishaipa tiki nishapita kabisa, akaniita "mwalimu, yangu usiipe maksi, waya wa ethi niliukata mfupi haukufika, nikauficha nyuma." Nikafungua skrubu mbili, kweli bwana, kawaya ka kijani na njano kamekunjwa humo ndani kama mkia wa panya.

Sasa ethi, yani ule waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja, ndo kitu ambacho ukikiacha kila kitu kinafanya kazi kama kawaida, pasi inapata moto, mwenye nyumba anakulipa na asante juu, mpaka siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, uguse bodi ya chuma na mtu aishike, umeme haukuachiwa njia ya kwenda chini basi unapita kwake. Na testa haikwambii hilo, inaona moto tu, yani mi mwenyewe ningempitisha.

Mwanzo wa muhula nilipewa kipindi cha maadili nikawa naandika ubaoni UAMINIFU, UWAJIBIKAJI, vijana wanasinzia (na mimi karibu nisinzie nao). Leo wenzake walianza kwa kumcheka, alafu nikaona wawili wanarudi kimyakimya kwenye mbao zao na bisibisi mkononi.