Nilivyopata picha za wadudu zenye ukali, hapa Tanga penye joto

Ushauri mwingi kuhusu kupiga picha za wadudu kwa karibu unatoka kwa watu wa nchi za baridi. Wanakuambia uamke alfajiri, utoke na kamera kabla jua halijachomoza, umkute panzi au kereng'ende ameganda, ameloa umande, hawezi hata kuruka. Hoja yenyewe ni ya kweli kabisa, maana mdudu hutegemea joto la nje ili mwili wake ufanye kazi. Ila mimi naishi Tanga mjini. Hapa alfajiri ya Februari mtu anatoka jasho amekaa, na nzi wa saa kumi na mbili asubuhi ni mwepesi sawa na wa saa sita mchana. Ilinibidi nitafute njia nyingine ya kumpata mdudu aliyetulia, na huko kutafuta ndiko kulikobadilisha picha zangu kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Bustani yangu ni ya kawaida: mrehani kando ya ua, milimau, mpapai, mbaazi, na mwembe mkubwa uliojaa majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Picha nilizokuwa nikipata zilikuwa na rangi nzuri, lakini ukizikuza kwenye kompyuta jicho limefifia, bawa limefifia, na mara nyingi kilichotoka wazi ni jani la nyuma. Mimi nilitaka kuona vile vijicho vidogo vidogo vinavyounda jicho moja la nyuki, kimoja kimoja. Hicho ndicho kipimo nilichojiwekea, na bado ndicho ninachotumia.

La kwanza kulielewa ni unene wa sehemu inayotoka wazi. Ukimpiga mtu picha, pua yake, masikio yake na ukuta ulio nyuma vinaweza vyote kuonekana vizuri. Ukimsogelea mdudu mpaka achorwe kwenye kihisio cha kamera, kile kibamba kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi, sehemu iliyo wazi hubaki nyembamba mno. Kwenye kamera kama yangu, isiyo na kihisio kikubwa, tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo), unene huo haufiki milimita 1. Kichwa cha nyuki peke yake kinazidi hapo. Kwa hiyo ukivuta pumzi tu, umeshatoka kwenye jicho na kuingia kwenye bega. Watu huulizana kamera ina megapikseli ngapi, lakini katika kazi hii swali la maana ni kama jicho la mdudu lilikuwa ndani ya ule unene ulipobonyeza.

Mtu hufikiria haraka kuliziba tundu hadi f/22 au f/32 ili unene uongezeke. Unaongezeka kweli, lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima inalegea, hata ile sehemu iliyolengwa sawasawa. Anayetumia ringi za kurefusha lenzi ajue pia kwamba kwa ukubwa halisi f/11 yake inafanya kazi kama f/22. Amekwisha kufika mpakani bila kujua.

Nilianza na ringi hizo, zile zisizo na kioo ndani, zinazoisogeza lenzi mbali na kamera. Hesabu yake ni rahisi: ringi zenye urefu wa milimita 50 kwenye lenzi ya milimita 50 zinakupa ukubwa halisi wa mdudu. Picha inatoka safi. Shida ni umbali, kwa sababu mdudu anakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye kioo na kivuli cha lenzi kinamfikia kabla kidole hakijabonyeza. Kwa kiwavi wa mlimau hilo halisumbui, na namsifu sana kiwavi huyo kwa anayejifunza. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anageuka kijani, ukimgusa anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, na muda wote huo hana pa kukimbilia. Kwa nyuki, ringi kwenye lenzi fupi ni kazi bure.

Nilichokuja kukipenda ni kioo kidogo cha kubana mbele ya lenzi ya zumu, Raynox DCR-250. Nguvu yake ni dayopta 8. Ukiiweka fokasi ya lenzi kubwa mwisho wa mbali, mdudu hukaa takriban sentimita 12 mbele ya kioo hicho, uwe umevuta zumu kidogo au sana. Zumu ikiwa milimita 125 napata ukubwa halisi, ikiwa 250 napata mara mbili yake. Na kwa kuwa lenzi haisogezwi mbali na kamera, f/16 inabaki f/16. Hapo ndipo ninapoiacha karibu siku zote.

Kwa tundu dogo hivyo, mwanga wa bustani hautoshi. Ukiongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chembechembe; ukipunguza kasi ya shata, lile pazia linalofunguka unapobonyeza, mkono unatikisika. Jibu ni flashi, na si kwa sababu ya mwangaza peke yake. Flashi nyingi zikiwekwa nguvu ndogo, tuseme 1/16 ya nguvu yake yote, humulika kwa muda mfupi kuliko 1/5000 ya sekunde. Mdudu akitikisa papasi, vile vipembe vyembamba vya kichwani, au mkono wangu ukiyumba, mwako umeshakwisha kabla mtikisiko haujaandikika. Naweka shata 1/200, ISO 100 au 200, na chumba cha kamera kinabaki giza mpaka flashi iwake. Kwenye jua kali mpango huu unaharibika, kwani jua nalo linaandika picha yake juu ya ile ya flashi, na ukingo wa mdudu unakuwa na kivuli cha pili. Natafuta kivuli cha mwembe, au nasubiri jioni.

Flashi tupu lakini ni adui wa mgongo wa mbawakawa. Gamba linalong'aa linarudisha taa kama doa jeupe, na chochote kilichokuwa chini ya doa hilo kimepotea. Hakuna programu itakayokirudisha. Nilikata dumu jeupe la lita 5, nikalitandika ndani ile sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, nikalifunga mbele ya flashi ili mwanga umwangukie mdudu kutoka juu. Kadiri dumu lilivyo pana na lilivyo karibu naye, ndivyo mwanga unavyokuwa laini. Vinyweleo ambavyo nilidhani lenzi yangu haiwezi kuviona vilikuwepo siku zote.

Tripodi niliiacha ndani. Mdudu yuko kwenye kijiti, kijiti kiko kwenye upepo, na kamera ikisimama imara peke yake haimfuati. Ninachofanya ni kushika kijiti kwa mkono wa kushoto, vidole viwili tu, na kuilaza lenzi juu ya mkono huo huo. Sasa upepo ukivuma, au nikitetemeka, mdudu na lenzi vinakwenda pamoja. Fokasi naiweka ya mkono na siigusi tena. Nasogea mbele na nyuma kwa kiwiliwili, taratibu, na nabonyeza pale jicho linapokaza. Kisha naangalia mkao. Nikimpiga mdudu ubavu, kamera ikiwa sambamba na mwili wake, jicho, bawa na mguu vyote huingia kwenye ule unene mwembamba. Nikimpiga usoni, najua nitapata macho tu, na naridhika nayo.

Yote hayo yanataka mdudu aliyetulia, na hapo ndipo alinisaidia bibi jirani yangu. Mrehani umesambaa pande zote za ua wetu, na nyuki wenye mistari ya buluu tumboni, wa jamii ya Amegilla, huupenda sana. Hawa ni wenye kasi. Wanasimama hewani mbele ya ua moja, unageuza lenzi, wameshafika jingine.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unamwinda nani humo?"

"Nyuki, bibi. Hawatulii."

"Mchana watatulia wapi? Njoo magharibi, uangalie vile vijiti vikavu. Wanakiuma kijiti, wanalala."

Nilikwenda, na ilikuwa kama alivyosema. Karibu na adhana ya magharibi wanaanza kuja mmoja mmoja kwenye mashina ya mrehani yaliyokauka. Kila mmoja anaking'ang'ania kijiti kwa meno yake, anakunja miguu, anabaki ameshikilia kwa mdomo tu hadi asubuhi. Hao ni madume, maana majike hulala kwenye mashimo yao ardhini. Mara nyingi hurudi kwenye kijiti kile kile siku inayofuata, kwa hiyo mtu akishakijua kijiti ana mahali pa kwenda kila jioni. Tangu hapo sikati mashina makavu ya mrehani, na bibi naye ameyaacha ya upande wake.

Kwa kulenga gizani natumia tochi ndogo niliyoifunika plastiki nyekundu, kwa sababu nyuki haoni rangi nyekundu. Mwako wa flashi haujawaamsha. Na kwa kuwa amelala, naweza kupiga picha nyingi mfululizo, ya kwanza fokasi ikiwa kwenye papasi, ya mwisho ikiwa kwenye ncha ya bawa, nikisogea kidogo sana kila mara. Kumi na kitu zinatosha kwa nyuki mmoja. Baadaye programu inachukua sehemu iliyo wazi katika kila picha na kuziunganisha. Zerene Stacker na Helicon Focus ni za kulipia. Mimi natumia zile za bure zinazokuja na Hugin, programu ya kuunga picha za mandhari pana: moja ya kuzipanga picha na nyingine, enfuse, ya kuziunganisha. Kwa njia hiyo niliviona vile vijicho, safu kwa safu, na vumbi la chavua limekwama katikati ya nywele za uso.

Majimoto ni habari nyingine, maana hawalali ukiwangoja. Lakini wana tabia moja inayomfaa mpiga picha: ukiwasogezea kivuli, walinzi wanasimama, wanainua tumbo, wanafungua mataya na kukukazia macho. Kwa sekunde kadhaa wametulia kuliko nyuki aliyelala. Nivae mikono mirefu tu, nisisimame chini ya tawi lenyewe, kwa kuwa wanauma na kupulizia asidi penye jeraha. Picha ninayoithamini kuliko zote ni ya majimoto akishona jani. Mkubwa hana uzi. Uzi anao mtoto, yule buu mweupe. Mfanyakazi anambeba buu kwa mataya, anamgusisha kwenye ukingo wa jani hili, kisha la pili, na hariri inabaki imevutika katikati. Watu hapa pwani humlaumu majimoto kwa kuuma wakati wa kuchuma embe, na hawajui anafanya kazi gani. Miaka ya 1950 alichunguzwa Zanzibar kwa sababu huilinda minazi dhidi ya kunguni wanaofyonza nazi changa.

Kereng'ende wengi hurudi kwenye kijiti kile kile baada ya kila mawindo, kwa hiyo usimfuate, lenga kijiti ungoje. Wale wanaoingia kwa makundi wakati wa vuli huning'inia chini ya matawi. Vunjajungu anatulia mwenyewe.

Upepo ndio unaoamua ratiba yangu ya mwaka. Kusi ikishika, Juni na Julai, kuanzia saa nne asubuhi mrehani wote unacheza na hata mkono wa kushoto hausaidii. Miezi mizuri ni ya maleleji, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijaingia.

Kuna wanaomtia mdudu kwenye friji ili apoe, kisha wanamtoa wampige picha. Sikubaliani nao hata kidogo. Mdudu aliyepozwa anaonekana: miguu imekaa vibaya, papasi zimeanguka, na aliyemzoea nyuki anayelala kweli hatadanganyika. Zaidi ya hapo ni mateso kwa kiumbe ambaye jioni, bila kulazimishwa, atatulia kando ya ua wako.

La mwisho ni la wakazi wa pwani. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando, na lenzi ya namna hiyo inatoa picha iliyofifia hata ufanye nini. Usiiache kamera kwenye mkoba wa kitambaa. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na vifuko hivyo uvianike kwenye jua kali au uvipashe moto taratibu kila vinapojaa unyevu. Kabla ya kununua lenzi ya mtumba hapa Tanga, Mombasa au Unguja, imulike kwa tochi kutoka nyuma na uangalie ndani yake kwa makini.