Siku Nne za Kusubiri Upepo

“Baba, umejamba?”

Nesi hakuwa na muda wa kuzunguka. Kila alfajiri swali lilikuwa hilo hilo, na mama mkwe wangu amekaa pale pale na chupa yake ya chai, macho dirishani. Mke wangu alikuwa na kichanga nyumbani, hivyo mama yake ndiye aliyekuwa akiniuguza. Mkwe wangu, jamani!

Kidole tumbo kilikuwa kimenipasukia ndani. Wakanifungua katikati, wakasafisha usaha, nami nilipozinduka nikadhani kazi imekwisha. Kumbe matumbo yakishikwashikwa namna ile hususa. Daktari alisema hayajaziba, yamelala tu; ushuzi ndio ungeonyesha kwamba yameamka. Utumbo mwembamba huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Mpana ndio mvivu, huchukua siku mbili tatu, na mwenye usaha kama mimi asubiri zaidi. Halafu ile sindano ya maumivu niliyokuwa nikiililia usiku, jamii ya mofini, nayo inayalaza zaidi.

Siku ya pili nikafanya ujinga. Nilikuwa nimekatazwa kula, lakini shemeji alikuja na uji wa ulezi, nikapiga vikombe viwili. Usiku tumbo likawa ngoma, likanibana hadi mbavuni, nikatapika maji ya kijani. Wakanipitisha mpira puani mpaka tumboni. Ule mpira ukifika kooni, unatamani urudishiwe kidole tumbo chako.

Kulipokucha nesi akanishusha kitandani. Akanifundisha: lala ubavu, teremsha miguu, jiinue kwa kiwiko, mto umeukumbatia juu ya kidonda. Siku hiyo niliishia mlangoni pa wodi, jasho linanitoka. Jioni nikafika kwenye bomba la nje. Nikaomba pia nianzie parasetamo, ile sindano kali ije maumivu yakinishinda. Mpira ulipotolewa niliruhusiwa kutafuna jojo, eti tumbo lidhani chakula kinakuja. Jojo sijui, ila kutembea nakuapia.

Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, kitu kikanguruma upande wa kulia, kikahamia kushoto, kikatulia. Kisha ukatoka, mrefu, hauna adabu hata kidogo.

“Alhamdulillahi,” akasema mama, bila kugeuka.

Choo chenyewe kilikuja siku mbili baadaye, kidogo. Nyumbani kikagoma tena, kwa sababu nilipewa vidonge vya tramado, navyo ni jamii ya ile sindano kali, na pia niliogopa kukamua, nyuzi zisije zikaachia. Kuchuchumaa chooni ndiko kulikokuwa adhabu. Nikatafutiwa kiti chenye tundu, na kigoda cha kuwekea miguu ili magoti yapande. Nilikunywa maji mengi, nikala papai kila asubuhi, na kliniki wakaniongezea dawa ya maji ya kulainisha choo. Nilipoacha tramado, mambo yalinyooka ndani ya siku tatu.

Nesi alikuwa ameniandikia nyuma ya cheti: tumbo likijaa ukatapika, ushuzi ukikata, au homa ikipanda, rudi usiku huo huo, usingoje kuche. Karatasi ile niliibandika ukutani mwezi mzima.

Mpaka leo mama akipiga simu, tukishamaliza shikamoo na marahaba, huuliza: “Na tumbo, linaongea?”