Kimya cha Shemeji Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenikimbia, na ni haki mjue kwa nini.

Jumamosi tulikaa kikao cha ukoo chini ya mwembe, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, kuhusu shamba la marehemu ndugu yetu. Mzee aliyeongoza akatamka kwamba kipande cha kuanzia kisimani hadi kwenye masale, mimea ya mpakani, kinarudi kwa ukoo. Akamgeukia mjane: "Mama, una neno?" Shemeji yangu alikuwa mkekani, anafunga fundo kwenye ncha ya leso yake, analifungua, anafunga tena. Hakujibu. "Amekubali," akasema mzee. Akatutazama sisi. "Na nyinyi?" Nikainamia viatu vyangu. Karatasi ikaletwa, shemeji akashikwa kidole gumba, kikakandamizwa kwenye wino.

Tangu siku hiyo narudia kusoma katika Biblia kitabu cha Hesabu, sura ya 30. Binti akiweka nadhiri, babaye akasikia akanyamaza, nadhiri imethibitika. Mume naye vivyo hivyo. Angalieni ni kimya cha nani kinachohesabiwa hapo: cha yule mwenye uwezo wa kupinga. Tamari, binti Daudi, alipobakwa na Amnoni, aliambiwa na kaka yake Absalomu anyamaze. Nani atathubutu kukiita kimya chake ridhaa? Mjane amezungukwa na wanaume watupu, na kesho atawaomba hao hao wamlimie. Ile ilikuwa hofu. Aliyekubali ni mimi. Mimi mzee wa kanisa, ninayesikilizwa nikikohoa tu, nilinyamaza.

Stefano alipopigwa mawe hadi kufa, Sauli, ndiye Paulo wa baadaye, hakurusha jiwe hata moja. Alitunza nguo za waliorusha. Lakini katika Matendo 22 anakiri kwa kinywa chake kwamba damu ya Stefano ilipomwagwa, alikuwa amesimama pale akikubali.

Ndugu zangu wanaume, niwaambie kwa upendo: tumezoea vibaya. Jumapili sauti zetu zinatikisa mabati, kwenye vikao vya ardhi tunakuwa mabubu, tukifika nyumbani tunasema, "Mimi sikuunga mkono." Uliunga! Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji, na tarehe 16 mwezi huo huo akauawa. Kila mwaka tunapumzika kazi kwa kumbukumbu yake. Yeye alisimama mbele ya bunduki. Sisi tunaogopa mzee asije akakunja uso. Fumbua kinywa chako, ndugu! Maneno hayo ya Mithali 31 hayakuandikiwa akina mama peke yao.

Jumatano nilikwenda kwa shemeji, nikamwomba msamaha, nikamwuliza alichotaka kusema siku ile. Aliongea mpaka chai ikapoa. Kumbe masale yale aliyapanda yeye na mumewe, mwaka waliooana.

Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji kikao kirudiwe, na safari hii shemeji aketi na dada zake. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Niombeeni.